Pichi Iliyofutika Jumatatu

Diski ya tatu ilikufa Jumatatu, kama mbili zilizoitangulia. Shemasi Hoyt Burdette aliitoa kwenye bahasha yake, akaiweka mezani mbele ya Verna Stancil kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemwokota panya stoo.

"Hiyo hapo," alisema. "Jumamosi ilikuwa na picha ya pichi, nimeiona kwa macho yangu. Leo haina hata kokwa."

Verna hakuigusa. Bado alikuwa na nusu ya mkate laini wa siagi na soseji mkononi, na yeye kifungua kinywa hakifanyii haraka. Alipokuwa askari mpelelezi kule Atlanta alijifunza kwamba mtu mwenye hasira huongea zaidi anapomtazama mwenzake akitafuna. Siku hizi alikuwa anajitegemea, kesi anachagua mwenyewe, na kesi ya diski zinazokufa katika mji mdogo wa Norcross, miti ikiwa imechanua barabara nzima, ilimfurahisha tangu alipopokea simu. Mwaka huo wa elfu moja mia tisa sabini na nane alikuwa amechoka na maiti.

"Endelea, Shemasi."

"Ijumaa hii ni maonyesho ya kompyuta Atlanta. Wenye maduka wa Kusini nzima watakuwepo. Nina meza moja, mashine moja, na picha moja ya kuwaonyesha. Hiyo ilikuwa nakala ya mwisho, sasa picha sina."

Hakuwa anatia chumvi. Burdette alikuwa fundi wa televisheni, duka lake lilikuwa karibu na reli. Wengine waliokuwa wakiunda kompyuta za kuweka nyumbani walitosheka na herufi nyeupe juu ya kioo cheusi, naye akasema Mungu hakuumba dunia kwa rangi mbili. Akachukua kioo cha televisheni ya rangi, akakitia ubongo wa kompyuta nyuma yake. Herufi ya kwanza nyekundu ilitokea kichwa chini miguu juu, akaipigia magoti hivyohivyo. Mashine akaiita Redbud, kwa jina la mti unaochanua waridi kabla haujatoa jani. Kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku moja, kioo kushoto na tundu la diski kulia kwake, ili mama wa nyumbani aiweke kwenye meza ya jikoni na waya mmoja tu ukutani.

"Unamshuku nani?" Verna aliuliza.

"Kushuku nini? Ninamjua. Twyla Gaddis. Ufunguo wa chumba cha maonyesho anao yeye. Jumamosi hutoka wa mwisho, Jumatatu huingia wa kwanza. Na wiki iliyopita tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Jina! Pichi ile kaichora yeye kiooni, kamraba ka rangi kwa kamraba. Akataka jina lake liandikwe chini. Nikamwambia hii ni kampuni, binti, si daftari la shule." Shemasi alivuta suruali juu ya tumbo. "Nimeshampigia sherifu. Nimemwambia asubiri neno lako mpaka tunafunga kazi leo. Ukisema ni yeye, anaondoka naye. Usiposema kitu, namfukuza mimi, na mji wote utajua kwa nini."

Verna akamalizia mkate, akapangusa vidole. "Basi kabla hujamharibia mtu jina, nionyeshe anakaa wapi."

*

Twyla alikuwa amesimama katikati ya chumba cha maonyesho, mikono kifuani. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na kitu, koti la buluu la kazi limemfika magotini. Macho yalikuwa mekundu, lakini Verna alipoyatazama vizuri aliona kwamba hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi.

"Wewe ndiye polisi?"

"Nilikuwa. Sasa ni mama mtu mzima anayependa kukaa. Kaa na wewe, mwanangu."

"Sikai kwenye kiti cha huyu mzee mpaka aniombe radhi."

"Haya, simama. Nionyeshe unavyofanya, kuanzia Jumamosi."

Twyla akaenda kwenye mashine. Ilikuwa imewaka tangu asubuhi, kioo kitupu, kijani kimoja kikali. "Jumamosi jioni Shemasi anapiga kengele. Kengele ikilia, kila mtu anazima mashine yake. Hataki chombo chake kifanye kazi Jumapili, ndivyo alivyo. Huja hapa kwanza kuaga pichi yake. Akitoka, nazima. Hapa."

"Diski unaiweka wapi?"

"Naiacha humohumo. Jumatatu anataka akute pichi inang'aa kabla ya sala ya asubuhi. Kwa hiyo nikiingia nawasha, nabonyeza kitufe hiki, inatokea."

"Leo?"

"Nimefungua mlango, ulikuwa umefungwa vizuri. Nimewasha. Ikalia *tung*, kama mtu kampiga ng'ombe tumboni. Kioo kikawaka. Nikabonyeza, ikasema haioni kitu."

"Inalia hivyo kila siku?"

"Kila siku siizimi. Katikati ya wiki mashine zote zinawaka mchana na usiku, eti zinakomazwa. Jumamosi tu ndio zinalala."

Verna akazunguka chumba. Akachunguza kitasa cha mlango, hakuna mkwaruzo. Dirisha lilikuwa limekomewa, na kwenye komeo buibui alikuwa amejenga nyumba nzima na kuhamia. Hakuna aliyepita hapo.

"Shemasi anasema ulimkasirikia."

"Nilimkasirikia mpaka nikataka kumchapa ufagio. Andika hivyo." Twyla aliinua kidevu. "Lakini pichi? Lile jani lake pale juu nimelirudia mpaka nikaliota. Bibi yangu aliyenilea anamwambia kila mtu kanisani aende Atlanta akaone pichi ya mjukuu wake. Nitaifuta ili nimkomoe nani?"

Sauti ilimkatika mwishoni. Verna alijifanya anamtazama buibui mpaka msichana alipojikaza. Alishamwamini, lakini kuamini si ushahidi, na mtu wa kupelekewa ushahidi alikuwa Burdette.

*

Injinia mkuu, Pruitt Landrum, alikuwa na ofisi ghorofani pamoja na vijana wake. Alikuwa mwembamba, kalamu zimejaa mfuko wa shati, na aliongea haraka kama mtu anayewahi treni.

"Ni rahisi sana, Bi Verna. Diski ni kama kanda ya muziki. Sumaku yoyote ikiisogelea, kwisha habari. Na kwenye droo ya Twyla tumekuta hii." Akaonyesha kijiti cha chuma chenye sumaku nchani.

"Ya kazi gani?"

"Ya kuokotea skrubu zinazodondoka."

"Ambayo wewe huna?"

Pruitt akatazama mfuko wake wa shati. Katikati ya kalamu, kijiti kama kile kilikuwa kinachungulia. Vijana wawili nyuma yake wakainamia kazi zao ghafla.

"Kila mtu anacho," alikiri.

"Basi tusimfunge mtu kwa kijiti. Hizi mashine, mmewahi kuona zikifuta diski zenyewe?"

"Kamwe! Hilo ndilo la kwanza tulilolijaribu. Tumeweka diski, tumezima, tumewasha. Tumezima, tumewasha. Siku nzima, mpaka kidole kikaota sugu. Diski salama salimini."

"Mlizima kwa muda gani kila mara?"

"Kuzima na kuwasha tu. Muda wa kumeza funda la kahawa."

Verna akaliweka hilo pembeni. "Na Jumapili? Jengo zima lilikuwa limezimwa?"

"Lote," Pruitt alisema, na hapo mwendo wake ukabadilika. Mtu aliyekuwa akimwaga maneno kama maji alijibu neno moja na kushika sikio. "Ni amri ya Shemasi."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani."

"Kanisa likaisha."

"Kwa mama. Kula."

"Mlikula nini?"

"Kuku," alisema. Kisha, baada ya kufikiri, "na bamia."

Nyuma yake kijana mmoja alikohoa kikohozi kisicho na mafua. Verna aliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa na sura za watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Hapa palikuwa na uongo, na ulikuwa uongo wa ushirika. Akawaaga kwa tabasamu, akashuka.

*

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza yake inayolitazama jengo la Burdette, Bi Ola Mae Sikes alikuwa na bakuli la karanga za kuchemsha mapajani. Alikuwa mjane, mwimbaji wa sauti ya kwanza, na baraza ile haikuacha jambo lipite barabarani bila kulipiga macho.

"Mimi si mmbea," alianza.

Verna aliposikia hivyo, akakaa vizuri na kuchukua karanga.

"Ila jana baada ya ibada, nimekaa hapahapa, nikaona taa. Pale juu. Si taa ya kawaida. Nyekundu, halafu kijani, halafu buluu, inacheza kwenye pazia kama moto wa jehanamu wa mtindo mpya."

"Dirisha gani?"

"La wale vijana wenye akili."

"Uliona mtu?"

"Wala kivuli. Rangi tupu. Na si jana tu. Tangu kipupwe, karibu kila Jumapili."

"Mlango ulifunguliwa? Kuna mtu aliingia au kutoka?"

"Binti yangu, kama paka angeingia ningejua ana mimba au hana. Jana hakuingia mtu."

"Na hukumwambia Shemasi?"

Bi Ola Mae akatema ganda. "Tunaimba kwaya moja. Akijua vijana wake wanavunja Sabato ataanza kupiga besi kwa hasira, na Pasaka imekwisha juzi tu. Nilitaka amani."

Verna alicheka mpaka karanga ikamkwama. Alipokwisha kunywa chai ya barafu aliyopewa, tamu ya kuuma meno, alikuwa na picha mbili zisizokubaliana. Jumapili mashine za ghorofani zilikuwa zimewaka, na injinia alikuwa amedanganya. Hilo lilimfanya Pruitt kuwa mshukiwa mzuri kuliko Twyla. Lakini jengo halikuingiwa na mtu. Kama hakuna aliyeingia, nani alimshika Pruitt mkono akamfikisha chumba cha chini chenye mlango uliofungwa?

Akavuka barabara bila kukimbia. Kisa kilikuwa kimeanza kumnogea.

*

Safari hii alimwita Pruitt peke yake, akafunga mlango.

"Mama yako anapika kuku mzuri?"

"Sana, Bi Verna."

"Vizuri. Sasa niambie kuhusu rangi zinazocheza kwenye pazia lako Jumapili, au nimwite Bi Ola Mae aje kuzieleza mbele ya Shemasi."

Pruitt akakaa chini. Akazitazama kalamu zake.

"Hatuzimi," alisema.

"Hamzimi nini?"

"Mashine zetu. Hata moja. Hatujazizima tangu majira ya majani kupukutika. Kila injinia unayemjua atakuambia: chombo hufa kwenye kuwashwa. Kikiwa kimewaka, kiache. Halafu kazi zetu nyingine zinachukua siku mbili tatu mfululizo, ukizima unaanza upya." Alipangusa jasho juu ya mdomo. "Shemasi akipiga kengele tunafunika vioo na mablanketi. Yeye hapandi juu kukagua. Anatuamini. Jana blanketi moja lilidondoka, basi."

"Kwa hiyo umemwacha Twyla ashukiwe siku nzima ili blanketi lako lisijulikane?"

"Nilidhani ni yeye!" Pruitt aliinua uso, na aibu ilikuwa imemjaa kweli. "Haki ya Mungu nilidhani ni yeye. Mashine haina kosa, tumeijaribu."

"Mmeijaribu vipi, hebu rudia."

"Tumezima, tumewasha."

"Na ilipowaka, ililia?"

"Kulia vipi?"

"*Tung.*"

Injinia akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya ndege. Na hapo ndipo Verna alipoiona njia yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ya televisheni iliyokuwa sebuleni kwake mwenyewe. Kila jioni mumewe Leland akiiwasha ililia *tung*. Lakini wakigombania mchezo wa kutazama, yeye akaizima na Leland akaiwasha palepale, haikulia. Ilikuwa imewaka na kuzimwa na kuwashwa mbele yake miaka yote, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

"Pruitt, televisheni ya rangi ikiwashwa, ule mlio ni wa nini?"

"Aa, ule. Kioo cha rangi huvuta sumaku taratibu kutoka kila mahali, hata ardhini, kinapata madoa. Kwa hiyo ndani kuna waya umekizunguka. Ukiwasha, umeme mkubwa unapita humo mara moja, unakisafisha. Waya unatingishika, unalia."

"Kwa nini haulii nikizima na kuwasha papo hapo?"

"Kwa sababu kuna kidude kinachopitisha ule umeme kikiwa baridi tu. Kikipata moto kinafunga njia. Mpaka kipoe tena ndipo..."

Mdomo ulibaki wazi. Verna alimwachia nafasi, maana hakuna raha katika kazi hii inayoshinda kumtazama mtu akifika mwenyewe.

"Unakisafisha kwa kutumia nini, huo umeme?" alimsukuma polepole.

"Kwa sumaku," Pruitt alinong'ona.

"Na tundu la diski mmeliweka wapi?"

Pruitt akainua kiganja chake, akakitazama. Upana wa kiganja, basi. Ndio umbali uliokuwepo kati ya kioo na tundu.

"Hatujawahi kuiwasha ikiwa baridi na diski ikiwa ndani," alisema. "Mungu wangu. Hakuna hata mmoja wetu."

"Hiyo bado ni dhana," Verna alisema, akisimama. "Shemasi hatanunua dhana. Nipe diski mbili zinazofanana, zenye kitu unachokipenda."

Uso wa Pruitt ukawa kama wa mtu aliyekula ndimu. "Tuna mchezo. Wa mbwa anayekimbiza bata. Tumeutunga sisi."

"Mnaucheza lini?"

Alishika sikio tena. Verna akaona hakuna haja ya jibu.

*

Chumba cha maonyesho kilijaa. Shemasi alisimama mbele, Pruitt na vijana wake ukutani, Twyla mlangoni na koti lake la buluu. Verna aliweka diski ya kwanza, mbwa wa kuwinda mwenye rangi ya kutu akatokea akimfukuza bata wa kijani. Akaitoa, akaweka ya pili, mbwa yuleyule, bata yuleyule.

"Mmeona wote? Zote nzima?"

"Mchezo huu umetoka wapi?" Shemasi aliuliza.

"Tutafika huko. Sema umeona."

"Nimeona."

Diski ya pili akaiacha ndani ya tundu. Ya kwanza akaitumbukiza kwenye mkoba wake, akaufunga. Akazima mashine. Kisha akakata utepe wa gundi, akaubandika juu ya tundu na juu ya swichi, akamwita Shemasi atie sahihi yake juu ya utepe kwa mkono wake. Mlango ukafungwa, ufunguo akapewa mzee mwenyewe.

"Sasa twende tukale," Verna alisema. "Mashine inataka kupoa, na mimi nataka bamia."

Walikwenda wote kwenye mkahawa wa jirani na reli. Kulikuwa na kuku, kunde, bamia za kukaanga na mkate wa mahindi, na ingawa Shemasi hakumtazama Twyla hata mara moja, alipopelekewa sinia aliona msichana hana siagi, akamsogezea ya kwake bila neno. Verna aliona. Moyoni alifurahi, akaongeza kunde.

Waliporudi, Shemasi alikagua sahihi zake. Hazikuguswa. Akaubandua utepe mwenyewe.

"Iwashe wewe," Verna alimwambia. "Kidole chako, si cha mtu mwingine."

Burdette akabonyeza.

*Tung.*

Mlio ule ulipita chumbani, na vijana wa ghorofani wakashtuka wote kwa pamoja, maana walikuwa wameunda chombo hicho na hawakukumbuka lini waliwahi kukisikia kikilia. Kioo kikawaka kijani. Pruitt akasogea, akabonyeza kitufe. Mashine ikahema, ikatafuta. Ikasema haioni kitu.

Akabonyeza tena. Hakuna mbwa wala bata.

Verna akafungua mkoba, akatoa diski pacha, akaiweka tunduni. Mbwa akatokea mbio, ulimi nje.

"Mashine ni hiyohiyo," alisema. "Mchezo ni huohuo. Hii ya mkobani haikuwemo humo ndani wakati wa *tung*. Ile nyingine ilikuwemo. Na kila Jumatatu, Shemasi, diski yako imekuwemo, kwa sababu unapenda kukuta pichi inang'aa. Hakuna mwizi wala mchawi. Mashine yako inapiga mswaki asubuhi, na diski imekaa kwenye meno."

Mtu alicheka, akajizuia. Burdette alikuwa anaitazama mashine kama baba anayemtazama mwana aliyefeli.

"Lakini hawa," alisema polepole, akiwaelekea mainjinia, "hawa wanatumia mashine hizi kuliko sisi sote. Mbona kwao haijatokea? Nao huzima Jumamosi. Nao huwasha Jumatatu."

Verna alikuwa na jibu mkononi, lakini halikuwa lake. Alimtazama Pruitt, akaendelea kumtazama. Pruitt akatoka ukutani.

"Hatuzimi, Shemasi. Tunafunika na mablanketi. Tumekudanganya tangu majira ya kupukutika. Na mchezo huo tumekuwa tukiucheza Jumapili, mimi wa kwanza. Leo asubuhi nimemwambia Bi Verna uongo, na Twyla angefungwa kwa ajili yangu."

Treni ya mizigo ikapita mjini, ikapiga honi, ikaisha, ndipo Shemasi akawageukia wote.

"Nyoosheni mikono," alisema mwishowe. "Nani katika jengo hili huzima mashine yake kengele ikilia? Msiniogope. Nataka kujua tu."

Hakuna mkono ulioinuka. Kisha, kule mlangoni, mkono mmoja ukapanda kutoka kwenye koti la buluu.

Burdette aliutazama mkono ule, akavua kofia.

"Kwa hiyo aliyenisikiliza ni mmoja," alisema, "na huyo ndiye niliyemwitia sherifu."

Akavuka chumba kizima mbele za watu, kofia mkononi, na aliposimama mbele ya Twyla alionekana amepungua urefu. "Binti yangu, nimekukosea. Nimekosea mbele ya hawa, basi nakuomba radhi mbele ya hawa. Nisamehe."

Twyla alimwangalia. "Sasa nitakaa," alisema, akakivuta kiti cha mzee, akakikalia. Chumba kizima kikaangua kicheko, na Shemasi akacheka kuliko wote, machozi yakimtiririka bila aibu.

Simu kwa sherifu ilisikika mpaka ghorofani. "Usije, Buford. ... Ndiyo, tumempata. Ni mashine. ... Haiwezekani kuifunga, mjinga wewe, ni ya kwangu!"

Pruitt alisema kulihamisha tundu kutachukua miezi. Kwa sasa ibandikwe karatasi kwenye kila Redbud: toa diski kabla ya kuwasha.

"Kwa herufi nyekundu," Shemasi aliamuru. "Tunajigamba kwa rangi, tuzitumie."

*

Verna alipokuja kuaga, jua lilikuwa limelala kwenye madirisha na Twyla alikuwa ameshaketi kwenye mashine. Alikuwa na siku chache tu za kuirudisha pichi nzima kutoka kichwani, kamraba kwa kamraba, lakini alikuwa anafanya kazi huku akiimba kwa pua. Bibi yake alikuwa ameshapigiwa simu na kuambiwa asiahirishe safari ya Atlanta. Pruitt alikuwa amejileta bila kuitwa, anamshikia kikombe cha kahawa mbali kabisa na tundu la diski.

Shemasi aliingia, akajongea nyuma ya kiti, mikono mgongoni. Alikohoa.

"Twyla. Nimefikiri. Ukishamaliza, pale chini, upande wowote unaopenda, weka jina lako."

Msichana hakugeuka. Aliinua tu kiwiko ili mzee aone kioo vizuri. Pichi haikuwa imeanza. Hapakuwa na jani wala shina. Chini kabisa, katika rangi ya machungwa inayowaka, kulikuwa na maneno mawili: Twyla Gaddis.

"Safari hii, Shemasi," alisema, "nimeanza nalo."